Kitunguu Kimoja

Siku Bi Mwiko alipowapikia wagonjwa wa wodi namba tatu uji wa maziwa yaliyochacha, watu wa jikoni hawakuamini. Miaka ishirini na sita alikuwa mpishi mkuu wa hospitali ile, na lalamiko pekee lililowahi kumfikia lilitoka kwa madaktari, kwamba wagonjwa wengine waliopona walikuwa wakijifanya wanaumwa ili wasiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya siku ya nyama. Sasa vikombe thelathini na viwili vya uji vilirudishwa vimejaa, na mgonjwa mmoja alikuwa ametapika.

Msimamizi wa jiko, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni na sauti ya kuhutubia hata akiomba maji ya kunywa, aliwaita wafanyakazi wote. Mezani aliweka vikombe viwili vidogo.

"Kimoja kina maji, kimoja kina siki," akasema. "Bi Mwiko, nusa. Tuambie siki ni ipi."

"Mzee, huu si mchezo wa watoto?"

"Ndiyo. Kwa hiyo hautakuchelewesha."

Wenzake sita walikuwa wamesimama kando ya masufuria. Bi Mwiko aliinua kikombe cha kushoto, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Akainua cha kulia, akavuta tena. Ni kama alikuwa ananusa kioo cha dirisha. Akabahatisha.

"Hiki," akasema, akasukuma kikombe cha kulia mbele.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwambia kwamba amekosea. Msaidizi wake, msichana aliyemfundisha kazi tangu alipokuwa hajui kushika kisu, aliinamisha uso akawa anaangalia ndala zake.

Wiki tatu nyuma Bi Mwiko alikuwa ameugua mafua makali ya siku nne. Mafua yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia, na ladha nayo ikafuata. Hakumwambia mtu. Chumvi alikuwa akiipima kwa kijiko, nyama akiitazama rangi, na siri yake akiificha kama mtu aliyepasukiwa nguo mgongoni, anayetembea ameegemea ukuta. Maziwa tu ndiyo yaliyomponyoka, kwa sababu maziwa yaliyoanza kuchacha yanaonekana meupe kama yale mazuri.

Kesho yake alipewa aproni ya bluu badala ya nyeupe, akapelekwa kwenye masinki kuosha vyombo.

*

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, alikuwa na meza yake ya kazi barazani. Mchana wa siku ile ya vikombe alikuwa ameinamia saa ya mkononi, lenzi imembana jichoni, mkewe alipoingia na kukaa kwenye kizingiti akiwa bado na mkoba begani.

"Mbona leo mapema?"

"Nimeshushwa. Kuanzia kesho naosha vyombo."

Fundi Saa akatoa lenzi. Bi Mwiko akamsimulia yote kwa haraka bila kumwangalia, kama anayemsomea barua ya mtu mwingine. Binti yao, karani wa posta aliyekuwa bado anaishi nao, alirudi kazini akawakuta katikati ya maneno.

"Wiki tatu!" Fundi Saa alikuwa anasema. "Wiki tatu tunakula sahani zimegusana, na husemi?"

"Ningesema nini? Kwamba umeoa mpishi asiye na pua?"

"Pua unayo. Naiona."

"Usinichekeshe."

"Sasa ukila, unasikia nini?"

Bi Mwiko akafikiri. "Nasikia moto na baridi. Nasikia laini na gumu. Basi. Chai ni maji ya moto. Ndizi ni kama nimetafuna sabuni, tena sabuni isiyo na povu."

"Mama, acha kazi," binti akasema. "Miaka ishirini na sita inatosha. Pumzika."

"Nipumzike nikifanya nini? Nikae hapa nikitazamana na saa za watu?"

Daktari waliyemwona wiki hiyo alimmulika puani kwa tochi, akasema mishipa ya fahamu ya kunusia imeumia, kwamba inaweza kupona baada ya miezi, inaweza isipone. Kisha akaita mgonjwa mwingine. Yote hayo hayakuzidi dakika tano, na wakati wanatoka Bi Mwiko alimwambia binti yake kwamba ule mwiba aliowahi kuchomwa utotoni ulihudumiwa kwa muda mrefu zaidi.

Akaanza kuacha chakula. Mwanzo aliacha nusu, baadaye akawa anakula matonge mawili matatu ili wasimseme. Gauni lake la kazini likaanza kuzunguka mwilini. Jioni moja binti alileta kuku wa kuchoma, amefungwa vizuri kwenye karatasi, bado anatoa mvuke. Bi Mwiko akamtazama yule kuku kama anatazama kiatu.

"Mpeni paka."

"Mama, hatuna paka."

"Basi mtafuteni."

Kilichomwuma zaidi hakukitamka. Asubuhi moja, Fundi Saa akiwa anaoga, alichukua shati lake la kazi lililoning'inia nyuma ya mlango akalifunika usoni. Miaka thelathini na mitatu shati la mtu yule lilikuwa na harufu ya mafuta ya saa, sabuni ya kufulia na jasho kidogo. Alivuta pumzi mara tatu. Halikuwa na kitu. Akalirudisha msumarini polepole, akaketi kitandani, akajiona kama mwanamke aliyelala na mgeni.

*

Kazi ya masinki ilikuwa na kitoroli chake. Kila baada ya mlo mwosha vyombo alikwenda wodini kukusanya sahani. Kwa miaka yote ile Bi Mwiko alikuwa hajawahi kuwaona walaji wake. Alikuwa anawajua kwa idadi tu, wodi hii thelathini, wodi ile ishirini na mbili. Sasa alikuwa anawaona, na sahani zikawa zinamsomea habari zao: huyu hapendi karoti, huyu amekula ubavu mmoja wa sahani kwa sababu mkono mwingine hauendi. Mchuzi wa Msaidizi ulikuwa na chumvi nyingi, hilo nalo alilisoma kwenye vikombe vya maji vilivyokauka.

Kwenye kitanda cha dirishani, wodi namba tatu, kulikuwa na mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa chini. Alikuwa amepasuliwa utumbo na sasa ana wiki ya tano hajaweka kitu mdomoni, analishwa kwa mpira tu. Kwa hiyo hakuwa na sahani, na Bi Mwiko alikuwa akimpita kila siku bila kusimama. Mpaka siku ile Mwalimu alipomshika pindo la aproni.

"Wewe unatoka jikoni?"

"Natoka masinkini."

"Ni mlango mmoja. Hebu niambie, leo kitunguu chenu mmekiunguza?"

"Sijui, mama."

"Hujui vipi? Harufu imepanda mpaka hapa. Kila siku saa tano na nusu mnanitesa. Nikiisikia namwambia nesi anifunge kitandani kabla sijashuka nikala hata maganda."

Bi Mwiko alitaka kupiga hatua. Lakini pengine kwa sababu yule mama hakumjua, au kwa sababu alikuwa amechoka kuegemea ukuta, alijikuta akisema: "Mimi sinusi tena. Nilikuwa mpishi hapa. Ule uji mbovu wa mwezi uliopita ulikuwa wangu."

Mwalimu akamtazama. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akajishika tumbo kwenye mshono.

"Samahani, mwenzangu, usidhani nakucheka. Ona jambo hili. Mimi pua ninayo, tumbo sina. Wewe tumbo unalo, pua huna. Wakituunganisha wanapata mtu mmoja mzima."

Bi Mwiko naye akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe.

"Keti kidogo," Mwalimu akasema. "Nataka kula. Nisimulie chakula. Si hiki cha hapa. Nisimulie ulichowahi kupika ukakipenda wewe mwenyewe."

Bi Mwiko aliketi ukingoni mwa kitanda. Alidhani atakosa la kusema. Lakini mdomo ulipofunguka, kilichotoka hakikuwa karamu yoyote kati ya zile alizopikia wakubwa waliokuja kukagua hospitali. Kilichotoka ni chumba kimoja cha kupanga chenye bati lililovuja pembeni mwa mlango. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Fundi Saa alikuwa hana kazi, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na mtoto wao alikuwa na homa iliyokataa kushuka. Hajala tangu juzi. Alfajiri ya siku ya nne mtoto alifumbua macho akasema, "Mama, njaa."

"Ndani kulikuwa na nini?" Mwalimu akauliza.

"Wali uliolala. Na kitunguu kimoja."

"Kitunguu kimoja tu?"

"Kimoja, tena kimeanza kuchipua. Nikakikata vipande vyembamba mno, nikitaka kiwe kingi. Mafuta yalikuwa chini kabisa ya chupa, nikaisimamisha chupa kichwa chini, nikasubiri. Nilipotia kitunguu kikalia, pshhh. Chumba chote kikajaa. Mvua nje, harufu ndani. Kwanza ni kali, inakupiga machoni. Halafu inalainika. Halafu inakuwa tamu, kama mtu aliyekuwa anagomba ameanza kuimba. Ndipo unapotia wali."

Mwalimu alikuwa amefumba macho, koo lake linapanda na kushuka.

"Endelea. Mtoto alikula?"

"Alikula akakwangua sahani. Sisi wawili tukala ukoko uliobaki kwenye sufuria. Mume wangu akaniambia, hata tukija kuwa matajiri hatutakuja kula kitu kitamu kuliko hiki."

Alihisi kitu chenye joto kinashuka pembeni mwa pua yake. Hakukifuta. Kile kitunguu alikuwa amekinusa. Si kwa pua. Lakini kilikuwepo kizima, na mvua yake, na chupa yake iliyosimama kichwa chini, mahali ambapo hakuna mafua yaliyowahi kufika.

"Nilikuwa nacho kipawa hiki cha pua," akasema taratibu. "Miaka hamsini na saba nilikuwa nacho kila siku, na hata mara moja sikuwahi kukaa chini nikashukuru."

"Umeshukuru sasa," Mwalimu akasema bila kufumbua macho. "Kesho niletee chakula kingine."

*

Ikawa ndiyo desturi. Kila mchana Bi Mwiko alimletea Mwalimu chakula kisichokuwepo. Alimletea mkate wa moto aliokuwa akitumwa na baba yake kuununua, ambao hakuwahi kuufikisha nyumbani ukiwa na pembe zote nne. Alimletea maziwa ya kwanza ya ng'ombe wa bibi yake. Alimletea kikombe cha chai ya rangi alichokunywa saa moja baada ya kumzaa binti yake, chai iliyopoa, iliyozidi sukari, ambayo mpaka leo hajaona mfano wake. Njiani kurudi nyumbani alikuwa anatafuta cha kesho, na katika kutafuta huko aliokota mambo aliyokuwa ameyasahau kabisa.

Jioni moja, mezani, akawasimulia na wa nyumbani habari ya kitunguu.

"Vilikuwa viwili," Fundi Saa akasema.

"Kilikuwa kimoja."

"Viwili. Kimoja nilikiazima kwa jirani, yule mshona viatu. Nilikwenda kwenye mvua bila viatu."

"Ulikwenda kuazima kiberiti!"

"Mke wangu, unatia chumvi."

"Chumvi yenyewe siionji tena, nitaitiaje?"

Binti akaweka kijiko chini, akicheka mpaka machozi yanamlenga. Alikuwa hajawahi kuisikia habari ile. "Na mimi ndiye niliyekuwa na homa?"

"Wewe," baba yake akasema. "Ulikula ukataka na sahani ya jirani."

"Mbona hamkuwahi kuniambia?"

Wazee wakatazamana. Kweli, mbona? Walikuwa wakiihesabu miaka ile kuwa miaka ya aibu, ya kufichwa kabatini. Usiku ulikuwa bado haujaingia sawasawa. Bi Mwiko aliangalia mikono ya mumewe ikiumega mkate kwa uangalifu uleule wa kushika vyuma vidogo vya saa, na akakumbuka miguu ile ikiingia chumbani imelowa, inaacha nyayo sakafuni.

"Labda ulileta vyote viwili," akasema. "Kiberiti na kitunguu."

"Sasa unasema."

*

Mwisho wa mwezi Msimamizi alimkabidhi bahasha. Ilikuwa barua ya kustaafishwa kwa sababu za kiafya, kuanzia Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alimpa akiwa amesimama mlangoni mwa stoo, akiongea kwa sauti ndogo kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

"Si mimi, Bi Mwiko. Imetoka juu."

"Najua. Vitu vizito hutoka juu."

Siku iyo hiyo daktari wa wodi namba tatu aliandika kwamba mgonjwa wa dirishani aanze chakula: supu nyepesi, vijiko vichache. Nesi alishuka jikoni na karatasi na ujumbe. Mwalimu amesema hafungui mdomo mpaka supu ipikwe na mwosha vyombo.

"Haiwezekani," Msimamizi akasema. "Mgonjwa aliyepasuliwa! Kukitokea jambo nitajibu nini?"

Bi Mwiko alikuwa na povu mpaka viwikoni. Alijifuta mikono, akasogea. "Mwambie Msaidizi anuse kila kitu kabla sijakigusa. Anionjee chumvi. Pua iwe yake, ulimi uwe wake. Mikono nitaleta mimi." Kwa kuwa Msimamizi alikuwa bado anasitasita, akaongeza: "Zimebaki siku chache, mzee. Unaogopa utanifukuza kazi?"

Mtu mmoja nyuma ya masufuria aliangua kicheko, na Msimamizi akatoa kalamu, akairudisha mfukoni, akaondoka. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Bi Mwiko akasimama mbele ya jiko ambalo hakuwa amelikaribia kwa wiki sita. Msaidizi alinusa nyama, akanusa karoti, akanusa hata maji. "Ni salama, mama," alikuwa anasema kila mara, kama anayekula kiapo. Bi Mwiko akawasha moto, akafumba macho. Wakati wote ule hakuwahi kugundua kwamba chungu kinaongea. Supu inayochemka kwa pupa ina sauti ya watu wanaogombana. Akapunguza moto mpaka ikawa inanong'ona. Vidole vyake vilijua karoti iliyoiva kwa jinsi inavyoachia kisu.

"Nisamehe," Msaidizi akasema ghafla. "Siku ile ya vikombe. Mimi ndiye niliyepeleka habari kwamba maziwa uliyanusa ukasema yapo sawa."

"Ulisema kweli. Niliyanusa." Bi Mwiko akampa kijiko. "Haya, onja. Na mchuzi wako punguza chumvi, mwanangu. Wagonjwa wanamaliza maji ya hospitali."

Alipanda na bakuli mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili, nywele amechana. Nesi alimsogezea kijiko lakini Mwalimu akamkatalia, akakishika mwenyewe. Akanywa cha kwanza, akakiweka mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza. Akanywa cha pili. Cha tatu.

Bi Mwiko alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, ameshika chuma kwa mikono miwili. "Nisimulie," akasema.

Mwalimu alijaribu. "Siwezi," akasema, machozi yanaingia kwenye mikunjo ya mashavu. "Miaka arobaini nimefundisha watoto insha, na siwezi." Akalamba kijiko. "Karoti ina utamu. Kitunguu hakikuungua leo. Na chumvi, mwenzangu... chumvi imepungua."

"Daktari ndiye aliyeipunguza!" Bi Mwiko akasema kwa ukali wa mpishi aliyeguswa, na wote watatu, pamoja na nesi, wakacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka akiuliza kuna nini.

*

Hakukuwa na hotuba Jumamosi ile. Walikunywa soda jikoni, wenzake wakampa kitambaa cha meza, Msimamizi akasoma maneno mawili matatu kutoka kwenye karatasi akitaja idadi ya miaka vibaya. Bi Mwiko aliaga kila mtu, akakabidhi aproni ya bluu ikiwa imefuliwa, akatoka kwa mlango wa nyuma ambao watu wa jikoni huutumia. Mwalimu alikuwa amesharuhusiwa siku moja kabla. Hawakuwa wameahidiana chochote.

Pua haikurudi. Jumatatu asubuhi aliijaribu tena kwenye shati la nyuma ya mlango, na shati lilikuwa kimya kama siku zote. Lakini safari hii hakulirudisha msumarini. Alilivaa juu ya kanga yake, kola imechakaa na laini, mikono mirefu kupita vidole, akatoka nalo uani.

Fundi Saa alikuwa jikoni. Alikuwa ametangaza tangu jana kwamba siku ya kwanza ya mapumziko mstaafu hapiki, na sasa alikuwa anapambana na sufuria kama anapambana na saa ya ukutani iliyoanguka. Binti alikuwa anachelewa kazini kwa makusudi ili ashuhudie.

"Hilo si shati langu?" Fundi Saa akauliza.

"Lilikuwa."

Bi Mwiko akaketi kwenye kigoda mlangoni. Jua la asubuhi lilikuwa limefika miguuni mwake na lilikuwa na joto zuri. Ndani mafuta yalilia, kitunguu kikaingia. Akatega sikio.

"Geuza," akasema bila kugeuka. "Kinakauka upande mmoja."

"Umejuaje wewe?"

"Wewe geuza."

Walikula hapohapo uani, sahani magotini. Wali ulikuwa umeshika chini kwa sababu mpishi alisahau moto akimjibu jirani salamu, na Fundi Saa alikuwa akijitetea kabla hajashtakiwa. Bi Mwiko alitafuna polepole. Palikuwa na moto, palikuwa na ulaini, na kisha, pembeni mwa sahani, ukoko mkavu uliovunjika kati ya meno yake kwa mlio ambao aliusikia mpaka nyuma ya masikio. Akavunja mwingine. Mumewe na binti yake walikuwa wameacha kula wanamtazama.

"Mnatazama nini?" akasema, akimsogezea mumewe sahani tupu. "Niongezee. Na uukwangue vizuri huo wa chini."